Kufunga Bomba la Pampu ya Kurudishia Maji kwenye Tangi la Samaki wa Maji Chumvi

Alfajiri moja nilitoka chumbani kwenda sebuleni nikakanyaga maji. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na tangi langu la samaki lilikuwa limeshuka sentimita 12. Kwa ukubwa wa tangi lile hizo ni lita 72 za maji ya bahari. Sehemu ilikuwa imeingia kwenye tangi la chini mpaka likajaa, na iliyobaki ilikuwa sakafuni, imelowesha zulia na mbao za kabati, na imebakiza kimo cha kidole tu kuifikia ekstensheni niliyokuwa nimeilaza chini. Umeme ungerudi kabla sijaamka, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Nilipokagua, sikukuta bomba lililopasuka. Gundi haikuachia, pampu ilikuwa nzima. Kila kiungio kilikuwa kimefungwa barabara. Kosa lilikuwa moja: mdomo wa bomba la kurudishia maji niliuzamisha sentimita 12 ndani ya tangi, kwa sababu ulipendeza kuufichia nyuma ya jiwe. Pampu iliposimama, maji yaligeuza njia na kurudi chini kwa bomba lilelile, kama petroli inavyonyonywa kwa mpira kutoka kwenye gari, na hayakuacha kushuka mpaka mdomo ule ulipopata hewa.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale umeme unapokatika. Pampu ikiwa inazunguka, karibu kila bomba hufanya kazi. Ufungaji mzuri utaujua pampu ikisimama ghafla wakati nyumbani hakuna mtu.

Mfumo wenyewe kwa ufupi

Tangi la juu ndilo la samaki na matumbawe. Maji yake hufurika kwenye kisanduku chenye meno kama kitana, yakashuka kwa uzito wake yenyewe hadi tangi la chini, ambalo wafugaji wengi huliita sampu. Huko hupita kwenye soksi ya kuchujia na chombo cha kutoa povu, kisha huingia chumba cha mwisho. Hapo ndipo pampu ilipo, na kazi yake ni kuyapandisha tena. Maji ya kushuka hayahitaji umeme. Ya kupanda yanauhitaji. Mambo yote yanayofuata yanatokana na tofauti hiyo.

Nitatumia vipimo vya tangi langu ili hesabu zisielee hewani. Tangi la juu ni urefu wa sentimita 120, upana 50, kimo 50, yaani lita 300. Tangi la chini ni 75 kwa 40, kimo 40. Wewe badilisha namba uweke zako.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya maji yatakayorudi

Zidisha urefu wa tangi la juu kwa upana wake, gawanya kwa 1,000, utapata lita zilizo katika kila sentimita moja ya kimo. Langu: 120 mara 50 ni 6,000, kwa hiyo kila sentimita ni lita 6. La chini: 75 mara 40 ni 3,000, yaani lita 3 kwa sentimita. Tangi la juu likishuka sentimita moja, la chini linapanda mbili. Wengi hukosea hapa kwa kudhani sentimita ni sentimita.

Sasa chukua kina cha mdomo wa bomba chini ya uso wa maji. Ukiwa sentimita 5, lita 30 zitashuka. Ongeza maji ya ndani ya kisanduku cha kufurikia, ambayo kwangu ni kama lita 5, na yaliyomo kwenye mabomba yote, lita 2 hivi. Jumla 37, andika 40, usijipunje. Lita 40 kwenye tangi la chini ni zaidi kidogo ya sentimita 13. Vizuizi vya kioo vinavyogawa vyumba vya tangi langu la chini vina kimo cha sentimita 22, na hicho ndicho kiwango cha maji mfumo ukifanya kazi. 22 na 13 ni 35. Kimo cha kioo ni 40. Nimebakiwa na sentimita 5 za amani.

Ukiupandisha mdomo huohuo hadi sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, yatakayorudi kutoka tangini ni lita 12 badala ya 30. Hakuna kifaa cha dukani kitakachokupa nafuu kubwa kama hiyo, nayo haina gharama.

Kuna watu watakaokuambia usijisumbue na hesabu, toboa tundu dogo kwenye bomba karibu na uso wa maji, maji yakishuka kidogo tundu litavuta hewa na mvuto utakatika. Ni kweli, na mimi ninalo, la milimita 5, nimelielekeza chini ili lisirushe maji nje. Lakini ndani ya tangi la bahari kila kilicho wazi hugeuka makao. Mwani hulifunika, ule mwani mgumu wa waridi hulikaza kama saruji, konokono mdogo huingia akakwama. Toboa tundu, ila piga hesabu kana kwamba halipo.

Mwingine atakushauri uweke valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo mafundi huiita noni-ritani. Kwenye maji safi ya bomba la mji inakaa miaka. Kwenye maji ya bahari chembe moja ya mchanga au ganda jembamba la chokaa likikaa kwenye kiti chake, haifungi tena, na hutajua haifungi mpaka siku ya siku. Pia inapunguza mwendo wa maji kila saa ya kila siku. Mimi niliitoa. Ukiitaka, ifunge katikati ya yunioni mbili, yaani viungio vinavyofunguka bila kukata bomba, ili uitoe na kuisafisha, na bado usiitegemee.

Hatua ya 2: Chagua pampu

Kwa tangi la nyumbani, kuyapitisha maji yote kwenye tangi la chini mara 3 hadi 5 kwa saa kunatosha. Mkondo wenye nguvu ambao matumbawe huupenda utatoka kwenye pampu ndogo za mawimbi zinazobandikwa ndani ya tangi la juu. Usiibebeshe pampu ya kurudishia kazi hiyo. Kwangu, mara 5 ni lita 1,500 kwa saa.

Hiyo haimaanishi ununue pampu iliyoandikwa 1,500. Namba ya kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Boksi huwa na namba nyingine, kimo cha juu kabisa, na kwenye kimo hicho pampu haitoi hata tone. Pima kutoka uso wa maji ya chini hadi uso wa maji ya juu. Kwangu ni mita 1.3. Ongeza nusu mita kwa ajili ya msuguano wa bomba na kona. Pampu ya lita 3,000 yenye kimo cha juu cha mita 3 ikibanwa na mita 1.8 itakupa karibu nusu ya namba yake. Hiyo ndiyo niliyonunua. Pampu nyingi huja na mchoro wa mstari unaoteremka, unaoonyesha lita kwa kila kimo. Tumia mchoro huo kuliko maneno ya muuzaji.

Iwe pampu ya sumaku: mota imezibwa kabisa ndani ya plastiki, na mhimili ni wa kauri. Pampu ya kawaida ya kuvutia maji ya nyumbani, ile ya nusu farasi inayopandisha maji kwenye simtanki, haifai hata kwa jaribio la siku moja. Ndani yake kuna chuma na brasi, na brasi ni mchanganyiko wenye shaba. Kamba, konokono, matumbawe na nyota wa bahari hufa kwa kiasi kidogo sana cha shaba majini, na shaba ikishaingia kwenye mawe na mchanga kuitoa ni kazi ngumu.

Kwa sisi wa Dar es Salaam, Mombasa, Tanga au Unguja kuna jambo la joto. Umeme unaoliwa na pampu iliyozamishwa karibu wote huishia kuwa joto ndani ya maji. Pampu ya wati 70 ni hita isiyozimwa. Miezi ya kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 31 na matumbawe yakitaka maji yasizidi 27 hivi, kila wati ina maana yake. Pampu za umeme mnyoofu (DC), zile zenye adapta ya volti 24 na kidude cha kurekebishia kasi, hula umeme kidogo zaidi kwa kazi ileile, na nyingi huanza taratibu badala ya kuruka. Ni ghali zaidi. Naona bei hiyo inastahili.

Ndugu akikuletea pampu kutoka Marekani, angalia kibandiko kabla hujachomeka. Ya volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde) hata ukiitafutia transfoma itapata volti zake, lakini hezi zitabaki 50 za kwetu, kwa hiyo mota itazunguka polepole kwa moja ya sita, na nguvu ya kupandisha maji itapungua zaidi ya hapo. Ya umeme mnyoofu yenye adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina shida hiyo.

Hatua ya 3: Mabomba na viungio

Hapa ndipo nawaomba mniazime masikio, kwa sababu duka la hadiwea limejaa vitu vizuri kwa nyumba na vibaya kwa bahari.

Mafundi wetu siku hizi wanapenda PPR, ile ya kuchomelea kwa mashine ya moto. Bomba lenyewe halina sumu na kiungio chake kikichomelewa vizuri ni kimoja na bomba. Lakini ina mitego miwili. Wa kwanza ni unene. PPR ya 25 inayobeba maji ya moto ina ukuta wa milimita 4.2, kwa hiyo tundu la ndani ni kama 16.6 tu. Ukiambiwa "weka ya 25 inatosha," jua unaweka bomba jembamba kuliko mdomo wa pampu yako. Ya 32 ndiyo inakupa tundu la 21. Na fundi akiiacha kwenye mashine kupita sekunde zake, 7 kwa bomba la 25 na 8 kwa la 32, plastiki huvimba kwa ndani na kuziba njia, nawe kwa nje huoni kitu.

Mtego wa pili ni viungio vyake vya nati. Angalia ndani ya elbo au soketi ya PPR yenye nati: ule mng'ao wa fedha ni brasi iliyopakwa kromu au nikeli. Nilipomwambia kijana wa dukani sitaki chuma chochote, alinijibu kwa nia njema kabisa, "Kaka, hii haishiki kutu, weka hata baharini." Kutu kweli haishiki, lakini chumvi itakula ule mpako na shaba itaanza kutoka. Usijaribu kwa sumaku, brasi haivutwi. Kwaruza kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Ukiona njano, rudisha.

Kwa hiyo mimi natumia PVC ya presha, ya kijivu, ya kugundisha, milimita 32. Ukuta wake ni mwembamba na tundu la ndani ni 27 au 28. Tofauti si ndogo. Lita 2,000 kwa saa ndani ya tundu la milimita 20 hukimbia karibu mita 1.8 kwa sekunde. Ndani ya 28 ni chini ya mita moja. Na msuguano haupandi kwa hesabu ya moja kwa moja: bomba likipungua kipenyo kwa nusu, kwa maji yaleyale, msuguano huongezeka mara 30 na zaidi. Pampu kubwa ndani ya bomba jembamba ni umeme unaoungua bure na kelele juu yake.

Orodha niliyokwenda nayo dukani: bomba la 32 mita 3, yunioni 2 za plastiki, koki 2 za plastiki za kugundisha, tii 2, elbo za nyuzi 45 nne, gundi ya PVC na dawa yake ya kusafishia, msasa, sili tepi, mpira laini wa silikoni wa sentimita 15, na vibano vya plastiki. Vibano vya chuma vinavyoitwa visivyoshika kutu hushika, hasa vikikaa mahali penye unyevu na chumvi.

Ukinunua vifaa vya tangi kutoka nje, pima kwa kipimo cha kalipa kabla ya kulipa. Bomba la inchi moja la Marekani lina kipenyo cha nje cha milimita 33.4, letu ni 32. Robo tatu yao ni 26.7, yetu ni 25. Kwa macho yanafanana, kwa gundi hayashikani. Nati zao na zetu pia zina mikato tofauti. Zinaingia mizunguko miwili mitatu, zinakwama, na mtu akikaza kwa nguvu hupasua.

Hatua ya 4: Panga vyote vikavu

Kabla ya gundi, kata na upange kila kitu pakavu. Mpangilio wangu kutoka chini kwenda juu ni huu: pampu, kipande kifupi cha mpira wa silikoni, yunioni, koki, tii ya akiba yenye koki yake, bomba la kupanda, kisha juu tii inayogawa maji kwenye midomo miwili.

Mpira wa silikoni huzuia mtetemo wa pampu usipande kwenye bomba gumu na kulifanya kabati zima liimbe. Yunioni ni ya kutolea pampu siku ya kuisafisha. Koki iko juu ya yunioni ili ukiifunga, maji ya bomba yabaki juu na yasikumwagikie mapajani. Koki hiyo unaweza pia kuitumia kupunguza mwendo wa maji. Pampu ya namna hii haidhuriki ikibanwa upande wa kutolea. Upande wa kuvutia usiubane kamwe, hata kwa sponji nzito, maana pampu itakosa maji, itapiga kelele na kujila yenyewe.

Tii ya akiba niliiweka kwa ushauri wa mzee mmoja mfugaji, na kila wiki namwombea heri. Siku ya kubadilisha maji nazungushia mpira pale, nafungua koki, pampu inajaza ndoo zangu yenyewe. Nikija kuongeza chombo cha kuchujia, sitakata bomba.

Kona kali ya nyuzi 90 ibadilishe iwe mbili za 45 pale nafasi inaporuhusu. Na midomo miwili ya juu usiilinganishe sawasawa: mmoja uwe sentimita moja hivi juu ya mwenzake. Ule wa juu ndio utakaotangulia kuvuta hewa umeme ukikatika, na hewa ikishaingia kwenye tii mvuto umekatika kwa yote miwili. Mdomo mpana kama huo hauzibwi na konokono mmoja. Uelekeze juu kidogo, uso wa maji utikisike. Hapo ndipo oksijeni inapoingia.

Kama bomba litapita kwenye tundu la kioo, hakikisha kioo si kile kilichoimarishwa kwa moto, maana hicho hakitobolewi, hupasuka chote vipande vidogo. Kiungio cha tangi kina raba moja. Ikae upande wa ile sahani pana, kwenye maji, si upande wa nati. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Silikoni haihitajiki hapo.

Hatua ya 5: Gundi

Kata bomba mkato uwe mnyoofu kabisa, usiende mshazari, ondoa mabaki ya mkato ya ndani na nje kwa kisu, piga msasa kidogo. Weka alama ya kalamu inayovuka bomba na kiungio ili ujue kilielekea wapi ulipopanga pakavu. Futa kwa dawa, paka gundi pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho huku ukizungusha robo, kisha shikilia sekunde 30. Ukiachia mapema, bomba hujisukuma nje lenyewe. Fanya kazi mahali penye hewa.

Kwenye nati zungusha sili tepi mara 3 au 4 kufuata mwelekeo wa kukaza. Usitumie spana kubwa kwenye plastiki.

Acha saa 24. Najua hamu ya kuwasha. Acha saa 24.

Hatua ya 6: Majaribio, kwa maji ya kawaida

Usitumie maji ya bahari wala chumvi ya kununua kwa siku ya kwanza. Jaza maji ya bomba, washa, kisha pitisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungio. Karatasi huonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Mfumo ufanye kazi siku nzima, kisha maji hayo uyamwage. Yataondoka na harufu ya gundi.

Halafu kata umeme ukutani, bila kupunguza kasi kwanza, kama unavyokatika kweli. Kaa utazame tangi la chini mpaka maji yaache kupanda. Chora mstari kwa kalamu ya wino wa kudumu. Sasa ziba lile tundu la hewa kwa kidole, au uzamishe mdomo wa juu ulingane na wa chini, urudie. Mstari wa pili ndio wa kweli. Ukiona unakaribia ukingo, shusha kiwango cha maji cha kila siku na uchore mstari mwingine ulioandikwa "usipite hapa" kwa ajili ya yeyote atakayeongeza maji ukiwa safarini.

Washa tena uone pia kuanza kwake. Bomba la kushushia maji huwa limejaa hewa na huhitaji dakika moja au mbili kuitoa. Wakati huo maji ya juu hupanda kidogo. Yakifika ukingoni, pampu yako ina kasi kupita bomba la kushushia.

Jaribio la tatu wengi hawalifanyi. Ziba njia ya kushuka, kama vile jani au konokono ameiziba, uiache pampu ipandishe maji mpaka ianze kuvuta hewa. Chumba changu cha pampu ni 30 kwa 40, na maji yaliyo juu ya mdomo wa pampu ni sentimita 15, yaani lita 18. Kwenye tangi la juu hizo ni sentimita 3. Kwa hiyo nafasi tupu chini ya ukingo wa juu ni lazima izidi 3, na mimi nimeacha 5. Kama una chombo kinachojaziza maji yaliyopungua chenyewe, kumbuka kuwa katika hali hii kitadhani maji yamekauka na kitaendelea kumimina. Ndoo yake isiwe kubwa kuliko nafasi iliyobaki.

Mwendo halisi upime kwa ndoo. Vuta mpira kutoka mdomo wa juu, ushikilie kwenye kimo kilekile, jaza lita 10 huku ukihesabu sekunde. Sekunde 24 ni lita 1,500 kwa saa.

Umeme

Soketi ziwe juu ya tangi la chini, ukutani au kwenye ubavu wa kabati, kamwe zisiwe sakafuni. Kila waya uache utengeneze tumbo chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke kwenye tumbo hilo. Na mwambie fundi umeme akuwekee swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri sana kuliko maji ya kunywa. Hata ukiwa nayo, zima pampu kabla ya kutia mkono.

Betri na inveta, kama unazo kidogo, zipeleke kwanza kwenye pampu ya hewa au ya mawimbi katika tangi la juu. Umeme ukikatika, samaki huanza kukosa oksijeni. Maji kukaa bila kwenda chini kwa saa chache hayawadhuru kama hilo.

Baada ya hapo

Maji yanayokauka hupungua kwenye chumba cha pampu peke yake, kwa sababu tangi la juu hubaki kwenye kiwango cha kufurikia. Kwetu pwani, feni ikiwa inapuliza tangi la chini, upungufu huonekana kila siku. Jaziza maji safi yasiyo na chumvi, maana chumvi haikwenda popote. Ukiacha, pampu itaanza kuvuta hewa na tangi zima litajaa vipovu vidogo kama soda.

Kila mwezi zibua tundu la hewa kwa kijiti na ufute chumvi iliyoganda kwenye viungio kwa kitambaa chenye maji. Kila miezi 3 funga koki, fungua yunioni, itoe pampu, uizamishe kwenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kwa saa moja, kisha toa rota, ile sumaku yenye mapanga madogo, na uisugue kwa mswaki. Kagua mhimili wa kauri kama una ufa. Ukiweza nunua rota ya akiba siku ileile unaponunua pampu, kwa sababu huku kwetu kuisubiri kutoka nje ni wiki kadhaa. Suuza vizuri, rudisha pampu, kaza yunioni kwa mkono, fungua koki, washa, na usiondoke hapo mpaka maji ya chini yatulie kwenye mstari wako.